Bahari ya Wastaafu, Bara la Wafanyakazi: Historia ya Ushauri Uliopinduka

Ushauri mmoja umekita mizizi miongoni mwa watu wanaosafiri kwa mapumziko. Unasema hivi: ukiwa bado kazini, magoti hayajaanza kulalamika, zunguka nchi kavu, panda milima, tembea mijini, meli iache mpaka utakapostaafu, kwa kuwa melini utabebwa, utalishwa na kulazwa bila kuhangaika na masanduku. Umetoka Marekani na Uingereza, nchi zilizoifanya safari ya starehe baharini kuwa biashara kubwa, na siku hizi unasikika pia Nairobi na Dar es Salaam katika maongezi ya watu wanaokaribia kupokea kiinua mgongo. Wanaoutoa huuona kama jambo la maumbile, kwamba ujana ni wa nchi kavu na uzee ni wa bahari. Historia haiungi mkono dai hilo. Kwa karibu miaka 200 ambayo watu wamelipa nauli ili wastarehe tu, kilichoamua nani apande meli na nani apande treni hakikuwa umri wala nguvu za miguu. Kilikuwa ni hesabu ya siku ambazo mtu hadaiwi na mwajiri. Siku hizo ziligawanywa na sheria za nchi, na mwendo wa vyombo, na mahitaji ya makampuni yaliyokuwa na meli tupu bandarini. Anayeifuata hesabu hiyo mpaka leo atakuta ushauri umesimama kichwa chini miguu juu: meli ya kitalii ya zama zetu inamfaa zaidi mwenye likizo fupi, na safari ndefu ya nchi kavu ndiyo inayongoja kustaafu.

Miaka ya 1840 ndipo njia hizi mbili zilipotengana waziwazi. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, fundi samani na mhubiri wa Kibaptisti aliyekuwa akipiga vita ulevi, aliwakusanya watu wapatao 500 mjini Leicester, akawapeleka kwa treni mpaka Loughborough na kuwarudisha siku hiyo hiyo kwa shilingi moja. Treni ilimfaa mtu wa kazi kwa sababu iliweza kwenda na kurudi kabla jua halijazama. Baadaye, katika miji ya pamba ya Lancashire, viwanda vilizoea kufungwa kwa pamoja wiki nzima wakati wa kiangazi, na karibu mji mzima ukahamia Blackpool. Wiki hiyo haikuwa na mshahara. Familia ziliiwekea akiba mwaka mzima, senti kwa senti. Nchi kavu ikawa mahali pa mapumziko ya wafanyakazi, wazee na watoto wao wakiwa pamoja nao, kwa sababu tu siku walizokuwa nazo zilihesabika kwa vidole.

Bahari ilidai kitu kingine. Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilianza kuwauzia watu safari za kuzunguka Mediterania kwa meli zake za barua, na ili zijulikane ikampa mwandishi William Makepeace Thackeray nauli ya bure. Mwaka 1867 meli Quaker City ilitoka New York kwa safari ya miezi mitano hivi kwenda Ulaya na nchi takatifu, kwa nauli ya dola 1,250, fedha ambazo kibarua wa wakati ule asingezipata kwa mwaka mzima. Waliopanda walikuwa wachungaji, madaktari, maofisa na matajiri, wengi wao wakiwa wamevuka umri wa ujana. Kijana mmoja kati yao alikuwa Mark Twain, aliyekuwa na umri wa miaka 31. Nauli yake ililipwa na gazeti la California, naye kila bandari aliandika barua za kuchapishwa. Thackeray naye alikuwa na miaka 33. Vijana wawili maarufu kuliko wote katika historia ya mwanzo ya safari hizi walikuwamo melini kwa sababu kwao ile ilikuwa kazi. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo. Kijana hakukosekana baharini kwa kuwa hakupenda bahari; alikosekana kwa kuwa hakuwa na miezi mitano ya kuitoa, isipokuwa pale mtu mwingine alipomlipa ili aitoe.

Wala uzee wenyewe haukutosha kumpa mtu nafasi. Ujerumani ya Bismarck ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889 ikaweka umri wa miaka 70, na Uingereza ilipofuata kwa sheria ya mwaka 1908 ilichagua umri huo huo na malipo ya shilingi tano kwa wiki. Wafanyakazi wengi walikufa kabla ya kuufikia, na waliofika hawakuwa na cha kununulia tiketi. Ni katika miaka hiyo hiyo ya sheria ya Bismarck ambapo Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg alitazama meli zake kubwa zikikaa bure wakati wa baridi, maana abiria wa Atlantiki walipungua mno majira hayo, akaamua kuipeleka mojawapo kwenye jua. Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven Januari 1891 ikiwa na abiria 241, ikazunguka Mediterania na kurudi Machi. Ilifaulu kiasi kwamba miaka tisa baadaye kampuni iliteremsha majini Prinzessin Victoria Luise, meli ya kwanza kubuniwa kwa starehe tu. Kwa hiyo biashara hii haikuanza kwa wazee kuomba mahali patulivu pa kupumzikia. Ilianza kwa mfanyabiashara kutafuta njia ya kuzifanya tani za chuma zisile hasara wakati wa baridi, na walioitikia ni wale ambao miezi miwili ya Januari na Februari ilikuwa mali yao.

Pwani yetu ilishuhudia mfano unaoonyesha jinsi bahari na nchi kavu zilivyopangiana wakati huo. Theodore Roosevelt alikabidhi urais wa Marekani tarehe 4 Machi 1909. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshapanda meli New York. Naples akahamia Admiral, meli ya shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki, na tarehe 21 Aprili akashuka Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 50 tu, lakini kwa hesabu ya siku alikuwa mstaafu kamili, kwani hakuna aliyemngojea ofisini. Safari ya meli ilimchukua mwezi mmoja. Nchi kavu ilimchukua karibu miezi kumi na moja, kwa reli ya Uganda, kisha kwa miguu na farasi, mpaka alipofika Khartoum Machi 1910. Aliandamana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, ambaye alilazimika kusimamisha masomo Harvard ili aweze kwenda. Baba na mwana walitembea njia ile ile, wakavumilia jua lile lile. Tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja muda aliupata kwa kumaliza kazi na mwingine kwa kuikatiza. Tusisahau upande wa pili wa hesabu hiyo. Msafara ulibebwa na wapagazi zaidi ya 200, na siku za mapumziko ya Roosevelt zilikuwa siku za kazi kwa kila mmoja wao. Hata matangazo ya reli ya Uganda ya miaka ile, yaliyowaita mabwana wa Ulaya waje nyanda za juu za Kenya kukimbia baridi, yaliwalenga watu ambao kazi yao ilifanywa na wengine. Kwa wasafiri hao meli ilikuwa chombo cha kufikia bara. Hakuna kati yao aliyeihesabu kuwa ndiyo mapumziko yenyewe, na mwenye muda mwingi aliutumia zaidi ardhini.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1930, na yaliletwa na wabunge na vyama vya wafanyakazi kuliko wenye meli. Mwaka 1936 serikali ya mrengo wa kushoto Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, iliwapa wafanyakazi wote wiki mbili za likizo yenye malipo, na Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko, akawapatia tiketi za treni za bei nafuu. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake namba 52 uliotaka mfanyakazi apate walau siku sita za kazi zenye malipo kila mwaka. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1938, miaka miwili baada ya Billy Butlin kufungua kambi yake ya mapumziko Skegness, akitangaza kwamba mtu angeweza kupumzika wiki nzima kwa mshahara wa wiki moja. Wiki moja, wiki mbili: vipimo hivyo ndivyo vilivyojenga hoteli, kambi na reli za mapumziko za Ulaya nzima. Ujerumani ilikwenda njia ya peke yake. Utawala wa Kinazi ulivunja vyama vya wafanyakazi mwaka 1933, kisha ukaunda jumuiya ya starehe iliyokuwa ikiwapeleka watu Madeira na kwenye miamba ya Norway kwa nauli ndogo, na hata ukajenga meli maalumu, Wilhelm Gustloff na Robert Ley. Ilikuwa propaganda ya utawala katili, na wafanyakazi wa kawaida waliopata nafasi melini walikuwa wachache kuliko ilivyotangazwa. Safari nyingi za jumuiya hiyo zilikuwa za siku moja moja kwa treni na basi. Lakini kwa swali letu ina uzito. Pale serikali ilipoamua kulipa nauli na kupanga siku, watu waliokuwa katikati ya maisha yao ya kazi walipanda meli bila kusita.

Kisha ndege ikaja kuzinyang'anya meli kazi yake ya asili. Oktoba 1958 ndege za jeti za BOAC na Pan Am zilianza kuvuka Atlantiki kwa saa chache, na katika mwaka huo waliovuka kwa ndege walikuwa tayari wengi kuliko waliovuka kwa meli. Meli za fahari zikaanza kukaa bila abiria, na Ballin, lau angekuwa hai, angeitambua hali hiyo, isipokuwa kwamba safari hii haikuwa baridi ya miezi mitatu. Ilikuwa ya kudumu. France, fahari ya Ufaransa iliyoanza kazi mwaka 1962, ilifungwa bandarini mwaka 1974; ikanunuliwa na Mnorwei Knut Kloster, na mwaka 1980 ikaanza kuzunguka visiwa vya Karibiani kwa jina la Norway. Kloster huyo ndiye aliyeleta Sunward Miami mwishoni mwa 1966 na kuanza safari za siku tatu na nne kwenda Nassau. Royal Caribbean ikaundwa mwaka 1968, Carnival ya Ted Arison mwaka 1972, na ratiba ya siku saba ikawa kanuni ya bandari ile. Siku saba ni likizo ya mfanyakazi wa Marekani. Sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara na kikomo cha saa za kazi, lakini haikumlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, na mpaka leo hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha. Mtu anayepewa wiki moja kwa hisani ya bosi wake hana siku za kupotea njiani, kukosa treni au kutafuta hoteli. Anataka chombo kitakachomtembeza visiwa vitatu akiwa amelala usiku, kimrudishe Jumamosi ili Jumatatu awe kazini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu utalii wa meli ulikua Miami kabla ya kukua kwingine kokote: ulishonwa kwa kipimo cha mtu mwenye likizo ndogo kuliko wenzake wote wa nchi tajiri.

Anayedhani kwamba meli za kitalii zina umri wake maalumu na aitazame historia ya SS Uganda. Ilijengwa Glasgow ikaanza kazi mwaka 1952, pamoja na dada yake Kenya, kuunganisha London na Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira kupitia Suez. Abiria wake walikuwa maofisa wa kikoloni na familia zao wakienda na kurudi likizo, walowezi, wamisionari na wafanyabiashara. Ofisa alikaa koloni miaka kadhaa kisha akapewa miezi ya mapumziko, na majuma ya baharini yalikuwa sehemu ya mapumziko hayo. Uhuru wa nchi zetu uliwaondoa maofisa na jeti ikawachukua waliobaki. Uganda ilipelekwa Hamburg, na mwaka 1968 ikatoka ikiwa meli ya shule, yenye vyumba vya kulala wanafunzi zaidi ya 900 wa Kiingereza waliopelekwa Mediterania na Skandinavia kujifunza jiografia na historia. Iliendelea hivyo, ukiondoa miezi iliyotumika kama hospitali katika vita vya Falkland mwaka 1982, mpaka miaka michache kabla ya kuuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1986. Chombo kile kile kilibeba watu wa makamo waliokuwa kazini, halafu watoto. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na wiki mbili na nani aliyelipa.

Na wastaafu je, walikuwa wapi wakati huo wote? Hapa ndipo ushauri wetu unapoumbuka kabisa, kwa sababu mara tu walipotokea kama kundi lenye fedha na muda, walikwenda nchi kavu. Marekani iliweka pensheni ya taifa mwaka 1935 kwa umri wa miaka 65, na malipo ya kwanza ya kila mwezi yakatoka mwaka 1940. Kufikia miaka ya 1950 wazee wenye kipato cha uhakika walikuwa mamilioni, na sehemu kubwa ya waliosafiri walifunga karavani nyuma ya gari wakafuata jua la Florida na Arizona. Mwaka 1959 Wally Byam, mwenye kiwanda cha karavani za alumini inayong'aa za Airstream, aliongoza msafara wa karavani zipatazo 40 kutoka Cape Town mpaka Cairo, kupitia Kongo, Afrika Mashariki na Ethiopia. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 63, na wengi wa waliomfuata walikuwa watu wazima waliokwisha acha kazi, kwa kuwa nani mwingine angepata zaidi ya nusu mwaka? Walizama kwenye tope, walivunja ekseli, walijenga madaraja ya magogo, na picha yao maarufu inaonyesha karavani zimepangwa karibu na mapiramidi ya Giza. Mwaka 1975 Marty Knowlton, ambaye alikuwa amezunguka Ulaya kwa miguu akilala katika hosteli za vijana, alianzisha na David Bianco mpango wa Elderhostel katika vyuo vya New Hampshire: wazee walilala kwenye mabweni ya wanafunzi, wakasikiliza mihadhara, wakala chakula cha kantini. Mpango ulikua haraka mpaka ukaenea Marekani nzima. Wakati huo huo, Miami, meli zilikuwa zikiwatangazia watu wa umri wa kazi muziki na ngoma usiku kucha.

Yako mapingamizi matatu ambayo hayawezi kupuuzwa. La kwanza ni la mwili. Mzee hupanga nguo zake mara moja tu kabini, ana daktari hatua chache kutoka kitandani, hapandi ngazi za kituo cha treni na sanduku mkononi. Ni kweli, na kwa mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au anayeuguza mwenzake, meli kubwa ya leo inaweza kuwa mlango pekee wa kuiona dunia. Hapo sina ubishi. Lakini faida hizo ni za juzi. Mpaka mapezi ya kutuliza mtikisiko na viyoyozi vilipoenea katika meli za abiria baada ya Vita vya Pili vya Dunia, safari ya baharini ilikuwa ni kulewa bahari, joto la kabini na maji ya kuoga kwa kipimo, mambo yanayomwelemea mzee kabla ya kijana. Na ukaribu wa daktari una upande wake wa kiza. Februari 2020 Diamond Princess ilizuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, wengi wa abiria wakiwa wazee, na 712 waliambukizwa virusi vya korona. Siku zile kabini ilikuwa kifungo. Zaidi ya hayo, mwili wa mstaafu wa miaka 60 au 65 hautishwi na nchi kavu yenyewe. Unatishwa na haraka. Kinachochosha katika safari ya bara ni kuona miji sita kwa siku nane, na haraka hiyo ni adha ya mwenye likizo. Mwenye miezi mitatu hukaa Arusha wiki mbili, akichoka hulala, na kesho mlima haujahama.

Pingamizi la pili ni la fedha, na kwangu lina nguvu kuliko la mwili. Pensheni haiongezeki kwa kuwa hoteli imepandisha bei, na nauli ya meli humwambia mtu mapema chakula, kitanda na usafiri vitamgharimu kiasi gani. Mstaafu anaogopa gharama isiyojulikana, na ana haki ya kuiogopa. Hata hivyo bei moja iliyokusanya kila kitu haikuzaliwa baharini. Cook ndiye aliyeanza kuuza kuponi za hoteli mwaka 1868, ili msafiri wa nchi kavu alipe malazi na chakula kabla ya kuondoka nyumbani, na Butlin alifanya hivyo hivyo kwa kambi zake. Upande wa meli nao umejifunza kutoza ziada: vinywaji, intaneti, matembezi ya ufukweni, bakshishi inayokatwa kila siku. Mwenye kipato kisichobadilika ana silaha moja ambayo mfanyakazi hana, nayo ni kuweza kusafiri wakati bei zimeshuka, watoto wako shuleni na vyumba viko wazi. Silaha hiyo hukata zaidi nchi kavu, ambako mtu anaweza kukaa mwezi mzima mahali pamoja na kupatana bei.

Pingamizi la tatu linasema kwamba takwimu za macho zinatosha: ukiitazama meli yoyote inayozunguka dunia nzima, utaona mvi tupu. Nakubali kabisa, na jambo hilo linaithibitisha hoja yangu. Safari ya kuzunguka dunia kwa meli moja ilianza na Laconia ya kampuni ya Cunard, iliyokodiwa na American Express, ikaondoka New York Novemba 1922 na kurudi mwaka uliofuata. Safari za aina hiyo huchukua miezi, leo mara nyingi zaidi ya siku 100, na anayeweza kuzitoa ni tajiri asiyefanya kazi au mstaafu. Mvi zinazoonekana pale ni alama ya siku 100. Kwenye meli ya siku nne iliyo gati ya jirani utaona wazazi na watoto, na kwa ujumla abiria wa kawaida wa meli za kitalii siku hizi yuko katika miaka ya arobaini, miaka mingi kabla ya kustaafu. Picha ya mzee kwenye kiti cha sitaha ilitokana na safari ndefu, zenye fahari na matangazo mengi, ikaenezwa kana kwamba ni sura ya meli zote.

Kwa nchi zinazopokea wageni, kama zetu, ugawaji huu wa siku hauishii kwenye starehe ya msafiri. Anayeshuka Kilindini au Zanzibar kutoka kwenye meli ana saa chache kabla ya kengele ya kuondoka. Anakula melini, analala melini. Anayekuja kwa nchi kavu analala Voi, anakula Moshi, analipa dereva, mwongozaji na muuza matunda. Meli nayo hubadili njia kwa usiku mmoja. Novemba 2005 Seabourn Spirit, ikitoka Misri kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na Somalia, ikaelekea Shelisheli badala yake, na kwa miaka iliyofuata makampuni mengi yaliikwepa pwani hii. Hoteli haiwezi kung'oa nanga. Watunga sera wetu wanaopanua magati kwa matumaini ya meli kubwa wanafanya jambo la maana, lakini mstaafu wa Ulaya anayekaa wiki sita kati ya Lamu na Lushoto ana thamani kubwa kuliko anavyohesabiwa kwenye mipango.

Na kwa msomaji wa huku, hesabu ya siku ina sura yake. Sheria ya Tanzania humpa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, ya Kenya siku 21 za kazi. Ni zaidi ya alizohakikishiwa mfanyakazi yeyote wa Miami. Kwa desturi tumezitumia kwenda nyumbani, kwa wazazi na mashamba, na sioni sababu ya kuionea haya desturi hiyo. Lakini anayetaka kuiona dunia na apange kwa kalenda, asipange kwa miaka yake. Ukiwa kazini na una siku saba tu zilizobaki baada ya kwenda kwenu, panda meli bila kuona umejizeesha; imetengenezwa kwa ajili yako. Ukifika miaka 60 na afya ikakuruhusu, usikimbilie kabini na miezi yako mitupu mkononi. Tumia miaka ya kwanza ya kustaafu kwenye barabara, reli na maziwa, polepole, kwa mwendo ambao hakuna mwajiri aliyewahi kukuruhusu, na tiketi ya meli uinunue baadaye, pale mwili, siyo ushauri wa watu, utakapoidai.